Mama Godelieve Mbelu, Aliyetenga Chakula na Dawa

Wapendwa ndugu, mama wa parokia, majirani wa Manika, nanyi mliofika tangu juzi kutoka Lubudi na Likasi: tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, ni Mama Godelieve Mbelu, binti wa Kalonji na Mushiya, mjane wa René Mukendi. Ninayesoma ni Donatien Kalonji, mdogo wake wa tumbo moja. Karatasi hii niliipeleka mwenyewe kwa mchapaji ili isikatwe mstari hata mmoja. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, hata yule ambaye maneno haya yatamkwaza.

Marehemu alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa pili kati ya sita. Baba yetu, Tata Kalonji, aliletwa kutoka Kasai mwaka wa 1951 kufanya kazi mgodini, na mama yetu akamfuata kwa gari moshi mwaka mmoja baadaye. Nyumbani tulisema Kiluba cha Kasai, barabarani Kiswahili, shuleni Kifaransa, na Yaya Godelieve, kwani kwetu dada mkubwa huitwa Yaya, alijua kugomba katika lugha zote tatu bila kupumzika. Mimi nilizaliwa miaka tisa baada yake. Mama aliponiachisha ziwa, ni mgongo wa Yaya uliobaki kuwa kitanda changu.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha sekondari, sehemu ya biolojia na kemia. Vita vya Mei 1978 vilimkuta ana miaka kumi na sita. Shule ilifungwa, na alipitisha wiki tatu chini ya meza na daftari lake la mimea kifuani, kwa kuwa mtihani ulikuwa haujafutwa rasmi na yeye hakuamini uvumi. Alipata diploma ya serikali mwaka wa 1981. Mwaka wa 1984 alimaliza masomo ya maabara huko Lubumbashi, na tarehe 7 Januari 1985 akaingia kazini katika maabara ya hospitali ya kampuni ya mgodi. Wakubwa wake walimpenda kwa jambo moja na kumchoka kwa jambo hilohilo: hakutia sahihi kitu ambacho hakukiona kwa macho yake.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na Tata René Mukendi, fundi wa reli. Waliokuwapo watakumbuka. Mashangazi walikuwa wamepamba sahani za wali na kuku kwa maua mazuri mekundu ya uani, yale ya lorie-rose. Bibi arusi aliinuka na shela lake, akazunguka meza moja hadi nyingine, akitoa ua kwa ua na kuomba kila sahani iliyoguswa ibadilishwe. Shangazi mmoja alilia kwa hasira. Yaya akamwambia, "Mama, hii maua ni ya kuangalia. Ikiingia mu tumbo, inasimamisha roho. Tutaoa leo, hatutazika." Tata René alicheka mpaka akakohoa. Baadaye alipenda kusema kwamba siku ile ndipo alipojua ameoa nani.

Walijaliwa watoto watatu: Ariel, Darlène na Elise.

Ariel hayuko hapa. Wenye umri wanajua mwaka wa 1993 ulikuwa mwaka gani kwa familia zilizotoka Kasai. Tuliitwa wageni, tukafukuzwa katika nyumba tulimozaliwa, tukakaa kituo cha gari moshi cha Kolwezi, maelfu ya watu, chini ya mahema ya magunia, tukingoja treni ambayo haikuja. Tulikula tulichopata. Ariel alikuwa na miaka minne. Tumbo lilimshika, na jirani mmoja wa hema, kwa huruma, akampa maji ya majani aliyochuma nyuma ya reli. "Ni mboga tu," alisema. Mtoto alikufa baada ya siku mbili, tarehe 2 Juni 1993. Yaya hakujua kama aliuawa na ugonjwa au na yale majani. Yeye, mtu wa maabara, hakuwa na hata hadubini ya kuangalilia. Alirudi nyuma ya reli kuyatafuta majani hayo, lakini watu walikuwa wameyachuma yote. Hakumlaumu jirani. Lakini tangu siku ile hakuvumilia tena neno "ni mboga tu" mdomoni mwa mtu asiyejua jina la alichoshika.

Treni ilipokuja mwezi wa Julai, walishuka Lubudi badala ya kuendelea Kasai, kwa kuwa Tata René alikuwa na rafiki pale relini. Walilima huko miaka sita. Sokoni Lubudi marehemu alikutana na Mama Ngoie, muuza mizizi ya munkoyo, mwanamke mkali asiyependa maswali. Sisi sote tumekua na munkoyo: uji wa mahindi unapikwa, mizizi iliyopondwa inatiwa humo ukiwa vuguvugu, na asubuhi kuna kinywaji chepesi, kitamu, ambacho hata mtoto anakunywa. Lakini porini mzizi ule una majirani wanaofanana nao, na baadhi ya majirani hao ni dawa, tena dawa kali. Yaya alimfuata Mama Ngoie porini misimu mitatu. Alijifunza kwamba munkoyo wa kweli ukipondwa unatoa nyuzi kama kamba na unanuka kunde mbichi. Alijifunza pia jaribio ambalo halidanganyi: tia mzizi katika kikombe cha uji wa vuguvugu. Uji ukilainika na kuwa mtamu, ni munkoyo. Ukibaki mzito, tupa.

Walirudi Kolwezi mwaka wa 1999. Kazi ya hospitali haikumngoja. Alifundisha biolojia katika shule mbili, na mwaka wa 2009 akafungua karakana yake katika nyumba ya Manika. Alikausha na kufunga katika mifuko mizizi ya munkoyo, majani ya chai ya limau, yaani mchaichai, majani ya moringa na maua ya ngai-ngai, yale mekundu ya kutengenezea juisi. Vyote vilikuwa chakula. Mimea ya dawa aliiweka katika kabati lenye kufuli, vipande vichache vilivyobandikwa kwenye karatasi, kila kimoja na jina lake kwa Kiluba, Kilunda, Kiswahili na Kilatini, kwa ajili ya kufundishia tu. Kabati lile lilikuwa katika chumba kingine, na kinu cha chumba kimoja hakikuvuka mlango kwenda kingine.

Alipenda kuonyesha mti wa moringa uani kwake. Aliwaambia wanawake waliokuja kujifunza, "Jani ni mboga, unaweza kupikia mutoto. Muzizi wake haiko mboga. Mama mwenye mimba asiiguse. Muti ni moja, lakini mutu asiseme 'moringa' tu akanyamaza. Aseme sehemu gani."

Mimi nilijiunga naye mwaka wa 2015, mwaka mmoja baada ya Tata René kututoka. Nilikuwa sina kazi. Alinipa kazi ya kupeleka mizigo na kutafuta wateja, na nilikuwa hodari, sitaficha. Wateja wakubwa walikuwa Mutoshi, kwenye machimbo, mahali vijana wanachimba shaba na kobalti tangu alfajiri na wanapenda kinywaji kisicholevya. Ni mimi niliyetaka tuandike kwenye mfuko kwamba munkoyo wetu unatibu uchovu na kuongeza nguvu za kiume. Nilimletea hata mfano uliochapwa, wenye picha ya simba. Aliusoma akiwa amesimama.

"Kama unaandika 'inatibu', umetoka mu chakula," alisema. "Umeingia mu dawa. Na dawa iko na kipimo, iko na ruhusa ya serikali, iko na munganga wa kujibu. Weye uko munganga?"

"Yaya, batu benyewe njo banasema inabapatia nguvu."

"Baseme. Mufuko yangu haitasema."

Mfuko wake ulisema: Mizizi ya munkoyo. Kinywaji. Mahali ilipochimbwa, tarehe, jina la mchimbaji, na chini kabisa jina lake mwenyewe. Nilimwona mtu wa kuchelewesha maendeleo. Nilisema hivyo kwa watu. Baadhi yenu mlicheka pamoja nami.

Sasa nafika mwezi wa Oktoba 2018. Katika maandishi ambayo familia ilitayarisha, mahali hapa pameandikwa kwamba "marehemu alipata matatizo katika shughuli zake." Nimeufuta mstari huo. Nitasema kilichotokea.

Elise alikuwa anajifungua Lubumbashi, na Yaya alikwenda kukaa naye wiki mbili. Aliniachia ufunguo. Mizizi ilikuwa imebaki kidogo, kwa sababu pori tulimochimba lilikuwa limezungushiwa waya na wenye mgodi, na wachimbaji wetu walirudi mikono mitupu. Nilikuwa nimewaahidi watu wa kantini ya Mutoshi mifuko mia mbili. Nilikwenda soko kuu nikamkuta mama mmoja anauza mizizi katika gunia. Ilifanana. Nilimwambia nachukua gunia zima.

Alinitazama. "Tata, hii haiko munkoyo. Hii iko dawa ya kupitisha tumbo. Mutu anakunywaka kidogo sana, ya bidole mbili, halafu anapumuzika siku nzima."

Nikamjibu, "Nitachanganya kidogo tu, mama."

Nilifanya jaribio la uji. Sikulisahau, nililifanya. Uji ulibaki mzito kama nilivyoupika. Basi nikachanganya nusu kwa nusu na mizizi yetu iliyobaki, na uji ukakubali. Nilifunga mifuko mia mbili, nikaandika jina la mchimbaji ambaye hakuchimba chochote, na chini ya kila mfuko jina la dada yangu lilikuwa limechapwa tayari.

Watu kumi na tisa waliugua Mutoshi tarehe 23 Oktoba. Walitapika na kuharisha katika jua, na wengine waliendelea kushuka shimoni kwa sababu siku bila kuchimba ni siku bila kula. Mmoja hakupona. Aliitwa Merdi, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyetoka Kamina kutafuta maisha. Alifariki tarehe 25 kabla ya saa sita mchana, njiani kwenda hospitali, juu ya pikipiki, ameshikwa katikati ya rafiki zake wawili. Mke wake Fifi alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Yaya alirudi siku iliyofuata. Aliingia chumba cha chakula na nguo zake za safari, akamwaga mizizi iliyobaki juu ya meza, akaanza kuichagua kwa mkono, kipande kimoja kimoja. Alivunja, akanusa, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Mafungu mawili yalikua mbele yake. Mawakala wa usafi wa chakula walifika wakamkuta hapo, wakasimama wakimtazama, hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza aliniita.

"Donatien, angalia mi mu macho. Hii ilitoka wapi?"

"Ni bale bachimbaji, Yaya. Balichanganya benyewe. Mi sikujua."

Aliniuliza mara moja tu. Kisha aliwageukia wale mawakala na kusema, "Nyumba ni yangu, na jina ku mufuko ni yangu. Andikeni mi."

Alikaa gerezani miezi mitatu na siku sita. Karakana ilipigwa muhuri. Redio ilisema jina lake, na mtaani akapata jina jipya, Mama Sumu. Huko gerezani ndiko ugonjwa wa presha ulikomwanzia. Mimi nilimpelekea chakula kila Jumapili. Alikuwa akikila. Ningependa kusema kwamba nilishindwa kulala au kwamba nilikonda. Nililala, na nilinenepa.

Alipotoka, Februari 2019, kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda Mutoshi kwa Fifi, aliyekuwa amejifungua wiki ile. Mimi nilimsindikiza, nikabaki nje ya ua. Nilisikia Fifi akiuliza, "Ni weye uliua bwana yangu?"

Yaya alijibu, "Kilitoka mu nyumba yangu."

Fifi alifunga mlango. Tulirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa, naye hakunitazama.

Kazi ya pili ilikuwa soko. Alikwenda siku kumi na moja mfululizo, mstari kwa mstari, na kipande cha mzizi katika leso, akiuliza kila muuza dawa kama anakijua. Siku ya kumi na moja alimpata yule mama. Mama yule alimweleza gunia, alimweleza onyo alilotoa, na alimweleza sura ya mwanaume. Jioni ile Yaya alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu alimpa kiti.

"Nimeonana na mama wa soko," aliniambia.

Nikamwomba mke wangu amletee maji. Alingoja. Alikunywa maji yake, akashukuru, akaondoka.

Aliningoja miaka sita. Hakumwambia mtu, wala Darlène, wala Elise, wala padri. Aliamini, nadhani, kwamba neno kama lile lina thamani likitoka kwa mwenyewe tu. Alikosea kuhusu mimi.

Na ninyi pia niwaambie. Leo wengi mmevaa kitambaa chenye picha yake, mmeshona vizuri, mmechangisha mabati na viti. Mwaka wa 2019 hamkupokea hata maji kutoka kikombe chake. Mama wa parokia mlimwondoa katika kamati ya jikoni kwa barua ya mistari miwili, bila kumwita aseme. Wanafunzi wake mliochukua ujuzi wake mkafungua karakana zenu mlifuta jina lake katika maelezo yenu, na wengine mkaanza kuandika "inatibu" kwenye mifuko, kwa kuwa aliyekuwa akiwakataza alikuwa amenyamazishwa. Siwahukumu. Mliambiwa uongo, na mwenye uongo ni mimi. Lakini mlifanya haraka sana kuamini.

Ugonjwa ulimwangusha tarehe 11 Septemba 2023, upande wa kushoto ukafa ganzi. Mwaka uliofuata figo zikaanza kuchoka. Ndipo wageni wakaongezeka, kila mmoja na chupa yake chini ya mkono. Jirani mmoja alimletea maji meusi akisema yanatibu magonjwa arobaini. Yaya akauliza kwa ulimi mzito, "Muti gani? Sehemu gani? Kipimo gani?" Jirani hakujua. "Basi haitibu hata moja," akasema, na akamwomba ayamwage mbali na mboga. Alimeza vidonge vya daktari kwa saa zake mpaka mkono wake ulipokataa, na Darlène, ambaye ni muuguzi Likasi, aliacha kazi yake akaja kummezesha.

Siku tatu kabla hajafa, mchana, Darlène alitoka kwenda kununua seramu ya kumtundikia, na nilibaki naye peke yangu.

"Siku ya kunizika, ni weye utasoma," alisema. "Usome yote."

"Yote gani, Yaya?"

"Weye unajua."

Nilitaka kumwomba msamaha pale. Sikumwomba. Niliogopa kwamba angenipa, na kwamba ningeondoka nao nikiwa mwepesi. Darlène akaingia na seramu. Mama Godelieve Mbelu alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali hapa Kolwezi, akiwa na miaka sitini na miwili, wakati kengele ya misa ya pili inalia. Hakuwa amesafishwa jina.

Jumanne nilikwenda Mutoshi kwa Fifi. Nilimwambia mlangoni kila nililosoma hapa, na mtoto wake wa miaka sita alisimama nyuma yake akisikiliza. Hakunipiga. Aliniuliza, "Yule mama alijua?" Nikajibu kwamba alijua. Akasema, "Na alikubali mi nimufungie mulango?" Nikajibu ndiyo. Akakaa chini, palepale kwenye kizingiti, na kulia, na machozi yale hayakuwa ya kwangu kuyafuta. Leo amekuja. Amesimama kule kwenye lango la makaburi na mtoto, hajaingia, na naomba mtu asimlazimishe.

Jumatatu asubuhi nitajipeleka kwa mwendesha mashtaka na karatasi hii. Darlène ameshaniambia kwamba hatanisindikiza, na ana haki.

Marehemu ameacha binti wawili, Darlène na Elise, wakwe wawili, wajukuu wanne, ndugu zake Tshiamala, Elisée na mimi, niliyekula jina lake. Ameacha karatasi mia tatu na kumi na mbili za mimea, ambazo Elise atazipeleka kwa walimu watakaozitaka. Ameacha pia Merdi mdogo, mtoto wa Fifi, aliyezaliwa bila baba, ambaye hakumzaa na ambaye alimbeba moyoni miaka sita, pamoja na lawama ya kifo cha baba yake, bila mtu kumshukuru.

Mungu amlaze Mama Godelieve mahali ambapo kila mtu anajibu kwa jina lake mwenyewe.